Subira Isiyongoja

Kiswahili kina neno subira, na kina utomvu mchungu uitwao shubiri. Kwa Kiarabu, maneno hayo mawili huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Wahenga waliposema mvumilivu hula mbivu, walijua kwamba kwanza atailamba shubiri. Hata hivyo, methali yao ina sharti lisilotajwa: kwamba anayevumilia ndiye anayekula. Je, wakiwa watu wawili?

Swali hili linamhusu kila mtafiti wa dawa za saratani. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa hadubini kwamba katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu, kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionyesha kipande kilichokosekana kilikokwenda: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Waliofuata wakagundua kuwa katika mabadilishano hayo jeni mbili huungana na kuzaa kimeng'enya kisichojua kupumzika, kinachoziamuru chembe nyeupe za damu zizaliane bila kikomo.

Sababu ikajulikana, lakini kujua si kuweza. Daktari Brian Druker, akiwa Boston na kisha Portland alikohamia mwaka 1993, alitafuta kemikali ya kukizima kimeng'enya hicho. Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy, Uswisi, walimpa kadhaa azijaribu. Mojawapo iliziua seli zenye jeni ile mbovu na kuziacha salama zilizo nzima. Kampuni ikasita, maana wagonjwa wa namna hiyo ni wachache na soko lao dogo. Druker akaendelea kubisha hodi. Juni 1998 mgonjwa wa kwanza akaimeza. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa jina la Gleevec.

Tangu hadubini ya Philadelphia hadi kidonge ni miaka 41. Hungerford, mmoja wa wawili waliofungua njia, alifariki 1993, hakukiona kidonge. Alichumia juani, kivulini wamekula wengine.

Kwa maabara, miaka 41 ni mwendo wa kawaida. Kwa mgonjwa wa enzi hizo, ambaye mara nyingi alitabiriwa miaka mitatu hadi mitano, ilikuwa njia ndefu kuliko uhai wake. Ndiyo maana hatuna budi kutenganisha maneno tuliyozoea kuyachanganya. Kungoja ni kuuachia muda kazi. Anayengoja mvua hana kosa, ila mvua haiji kwa sababu ya kungoja kwake. Subira ni kurudi kila siku kwenye kazi isiyoahidi lolote, huku ukijua kwamba yupo mtu asiyeweza kungoja. Subira ya kweli, basi, ina haraka ndani yake.

Atakayesema haraka haraka haina baraka hajakosea. Wagonjwa wa kwanza wa dawa ile walianzishwa kwa miligramu 25 tu, kipimo kikapandishwa hatua kwa hatua, kwa kuwa dawa isiyopimwa ni sumu yenye jina zuri. Lakini methali hiyo inauonya mkono usipapie. Haiupi ruhusa ya kulala. Kampuni iliyosita kwa sababu ya soko nayo ilichelewa, ila kuchelewa kwake hakukuwa uangalifu. Kwa anayetazama kutoka nje, aliyelala na anayepima kwa makini huonekana sawasawa, kwa kuwa wote wawili bado hawajaleta dawa. Tofauti yao huijua kazi yenyewe.

Kwa hiyo tuache kuitumia subira kama blanketi la kumfunika mgonjwa anyamaze. Subira ni deni la mwenye afya, mwenye maabara na mwenye fedha, si la aliyelala kitandani. Siku utakapojikuta ukimwambia mgonjwa asubiri, jiandae kulijibu swali lake la haki: ninapongoja mimi, ninyi mnafanya nini?