Mtu Asiyeonekana Ndani ya Kungfu

Wengi wetu hapa Keringet tuliijua kungfu kwenye vibanda vya video, DJ Afro akitutafsiria kila teke kwa Kiswahili cha mtaani. Hakuna aliyeuliza ngumi inamaanisha nini. Adui alikuwa pale kwenye skrini, ameanguka, basi.

Shida huanza unapomwona mtu akifanya taolu, yaani mfuatano wa mikao na mapigo unaokaririwa bila mpinzani. Anasukuma hewa. Anageuka, anainama, anasukuma tena. Je, mtu anayerudia asichokielewa anajifunza ama anajidanganya tu?

Bruce Lee alikuwa na jibu kali. Mwaka 1971, katika jarida la Black Belt, aliwataka wapiganaji wajikomboe kutoka kwa mitindo ya kukariri, kwa sababu pigano halisi halifuati mpangilio. Namwelewa. Mimi niliacha chuo, na nimeona jinsi noti zinavyokaririwa na kutapikwa kwenye mtihani bila kitu kubaki kichwani.

Lakini chukua taijiquan, ile kungfu ya polepole, katika taolu yake ya miendo 24 iliyotungwa Uchina mwaka 1956. Baada tu ya kuanza kuna mwendo unaoitwa kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi mwitu. Unapiga hatua, mkono mmoja unapanda mbele, mwingine unashuka kando ya nyonga. Ukiutazama hivyo, ni dansi. Sasa weka mtu hapo. Mguu wako uko nyuma ya wake, mkono unaoshuka umemshika kifundo cha mkono, unaopanda umepita kifuani pake. Ukigeuza kiuno, anaanguka chali. Hujaongeza chochote ila mtu.

Ndiyo maana sikubali kwamba taolu ni kifungo. Kabla ya video, mwili ndio uliokuwa ghala la maarifa hayo. Huku kwetu pia, mtu hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi kabla ya kuelewa kwamba majani yaliyokomaa hushusha ubora wa chai. Mkono hutangulia, akili hufuata. Ubaya ni pale mkono unapoachwa peke yake, na mwalimu anakasirika akiulizwa kwa nini.

Na hapa kuna swali la maadili. Taolu nyingi hufunguliwa kwa salamu: ngumi ya kulia hukutana na kiganja cha kushoto. Wengi hueleza kwamba kiganja kinaizuia ngumi, yaani busara inatawala nguvu. Sasa kama hujui kwamba mwendo unaofuata unaweza kumvunja mtu kiwiko, unazuia nini? Mtu hawezi kutawala nguvu asiyojua kama anayo. Upole wa asiyejua kupiga ni bahati tu. Wa anayejua ni uamuzi, na uamuzi ndio tunaoweza kuuita wema.

Kwa hiyo kariri, ndugu yangu, hata usichokielewa bado. Ila kila mwendo uulize: hapa kuna nani, na nikimaliza atakuwa katika hali gani?