Mhusika Asiye na Jina katika The XYZ Show

Kipindi cha The XYZ Show, kilichoasisiwa na mchoraji vibonzo Gado na kuanza kuonyeshwa nchini Kenya mwaka 2009, kiliwafinyanga viongozi kwa mpira hata mtazamaji akawatambua kabla hawajanena. Mlinzi afunguaye lango au mpiga kura aliye kwenye foleni hafananishwi na mtu yeyote. Je, huu ni upungufu wa haki?

Yamkini mhakiki atajibu kwamba mhusika bapa ni chombo cha kumjenga mhusika mkuu. Jibu hilo halitoshi. Tashtiti humfedhehesha mwenye mamlaka kwa niaba ya mnyonge. Ikiwa mnyonge mwenyewe hana kauli, dhihaka huurudia ubaguzi uleule inaoushambulia. Mtazamaji wa Kaloleni, mtaa wa Eastlands uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, humjua mlinzi huyo: ni jirani yake, mwenye jina na deni dukani.

Ni kweli kwamba asiyetambulika hawezi kudhalilishwa. Hata hivyo, hifadhi hiyo haijawa heshima. Heshima huanza pale mhusika huyo anaposema neno ambalo mkubwa hana budi kulijibu.