Ada ya Mtunzi na Haki ya Msomaji

Msomaji, huenda umepata kusoma hadithi za upelelezi za mtunzi mmoja: ya kwanza ikakunyima usingizi, ya pili ikakufurahisha, na ya nne ukaujua mwisho wake kabla ya kufika katikati. Je, mtunzi amekukosea?

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mpelelezi huyo alirudi kitabu baada ya kitabu, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, hata Kosa la Bwana Msa, 1984. Naye Arthur Conan Doyle wa Uingereza alichoka na Sherlock Holmes, akamwua hadithini mwaka 1893. Wasomaji walinung'unika, na mwaka 1903 akamrudisha hai. Kumbe mazoea nayo hupendwa.

Watu wa Kibera hununua mandazi yale yale kila alfajiri, wala hawamlaumu muuzaji kwa kutobadili umbo. Hulalamika siku unga unapopungua na umbo likabaki. Ndivyo ilivyo hadithi. Ada si aibu. Aibu ni kuitumia ada kufichia utupu.

Lakini liko jambo zito zaidi. Kiko kikirudiwa hakimdhuru mtu. Hukumu ikirudiwa hudhuru. Ikiwa katika kila kitabu mwizi hukimbilia vichochoro vya maskini, na mwenye nguo iliyochanika ndiye ashukiwaye, mtoto wa Kawangware atajifunza nini juu ya baba yake, atokaye kabla ya jua kwenda kazini kwa miguu? Na askari aliyekisoma kitabu hicho atamtazamaje kijana huyo wakikutana njiani usiku? Uongo usemwao mara moja hukanushwa. Usemwao mara kumi hugeuka desturi.

Kwa hiyo usiudharau uchovu wako, bali uupime. Ikiwa ni wewe uliyekua, mshukuru mtunzi ushike kitabu kingine. Ngazi hailaumiwi kwa kuwa fupi. Ikiwa unga umepungua, sema hivyo kwa adabu. Na ikiwa ni hukumu mbaya iliyorudiwa, kukifunga kitabu hakutoshi. Kalamu ni mali ya kila aliyefundishwa kuandika. Akijuaye kichochoro na akiandike jinsi kilivyo.