Jukwaa la Forodhani na Haki ya Kurithi

Je, kitu kilichojengwa ili kumtukuza mtu mmoja chaweza kuwa mali ya watu wote? Swali hili hapana taifa lililorithi majengo ya watawala wa zamani liwezalo kulikwepa. Mahali pamoja pa kulipimia ni bustani ya Forodhani, mjini Unguja, iliyoielekea bahari na kuipa mgongo Ngome Kongwe.

Bustani hiyo iliandaliwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa miaka 25 ya enzi ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawazwa mwaka 1911, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Katikati yake palijengwa jukwaa, na beni ya askari wa Sultani ilikuwa ikipiga muziki hapo mbele ya umma. Nia ya mjenzi ilikuwa wazi: sifa za mtawala zisikike mbali. Lakini jukwaa la uwanjani halina ukuta wala mlango, na sauti haichagui sikio. Mchukuzi wa bandarini na mtoto wa mtaani walisikia sawasawa na waheshimiwa waliokaa vitini. Tangu siku ya kwanza, basi, jukwaa lilitoa zaidi ya lilivyotumwa kutoa.

Bustani hiyo hiyo ina jengo jingine la kulilinganisha nalo. Mwaka 1956, Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alipokuwa akingojewa Unguja, lilijengwa lango jeupe ukingoni mwa bahari ili apite hapo akishuka. Mgeni akashukia kwingine, kwenye bandari ya majahazi. Lango likakosa kazi siku ile ile liliyojengewa, kwa kuwa lilikusudiwa mguu mmoja tu, na mguu huo haukupita. Jukwaa halikupata aibu hiyo, kwa sababu thamani yake haikutegemea kuja kwa mtu mmoja, bali kukusanyika kwa wengi.

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Usultani ukaondoka, na jina la Jubilei likaondoka pamoja nao. Bustani ikaitwa ya Jamhuri, ingawa ndimi za watu zilishikilia jina la Forodhani. Hapa ndipo hoja ya upande wa pili husimama. Husemwa kuwa dola ikianguka, alama zake nazo zianguke, kwani aliyedhulumiwa hapaswi kuamkia kila asubuhi ukumbusho wa aliyemdhulumu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Ina uzito mkubwa mbele ya sanamu, kwa kuwa sanamu hunena neno moja milele, na hapana mpita njia awezaye kuijibu. Lakini jukwaa si sanamu. Jukwaa halina neno lake lenyewe. Hungoja neno la atakayepanda. Jana lilibeba sifa za mfalme, leo laweza kubeba utenzi wa mkulima au malalamiko ya mvuvi. Anayelibomoa hamwadhibu mtawala aliyekwisha kwenda. Huwanyang'anya wasikilizaji waliobaki.

Ngome Kongwe, jirani yake, ni shahidi wa jambo hili. Waarabu wa Omani waliijenga kwa vita, baada ya kuwafukuza Wareno. Leo ua wake ni mahali pa maonyesho, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewakusanya humo wanamuziki wa nchi nyingi. Kuta zilizokusudiwa kuwazuia watu zimegeuka kuwapokea, wala haikulazimu kuzivunja ili zigeuke.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kurithi si kurithi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi ufa. Bustani ya Forodhani ilichakaa hata ikabidi ifanyiwe matengenezo makubwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa upya Julai 2009. Karibu yake Beit el Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile ilionekana kuwa waweza pia kuchimba kaburi.

Yampasa mrithi, basi, mambo matatu. La kwanza ni kukitunza kitu kisianguke. La pili ni kusema kweli juu ya asili yake, bila kuificha enzi iliyokijenga wala kuitamani. La tatu, ambalo husahauliwa upesi, ni kukitumia. Jukwaa lililopakwa chokaa na kunyamazishwa limehifadhiwa kama maiti, si kama urithi. Jioni inapoingia Forodhani, moshi wa mishikaki hupanda, wauzaji husukuma miwa mashineni, na vijana hujirusha baharini huku watu wakiwashangilia. Wasikilizaji hao wapo tayari, wala hawakualikwa na mtu. Lililobaki ni mwenye neno kupanda jukwaani, na mwenye mamlaka kumwachia nafasi.