Wazo la Leo: Miaka ya Maihar

Mwaka 1938 Ravi Shankar, kijana wa miaka 18, aliacha dansi katika kundi la kaka yake Uday, lililomzungusha Ulaya na Marekani, akaenda Maihar, mji mdogo wa katikati ya India. Huko aliishi Allauddin Khan, mwalimu mkali wa muziki aliyekwisha kumwambia kinagaubaga: nitakufundisha, ila uache mengine yote. Akakaa naye miaka kama 6.

Sifa zilifuata, na George Harrison wa Beatles akawa mwanafunzi wake. Lakini mimi napenda zaidi kisa cha New York, Agosti 1971, kwenye tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Sitari, ala aliyoipiga Ravi, ina nyuzi zipatazo 20, na nyingi hazipigwi. Hulia zenyewe zikiitikia zinazopigwa, hivyo kuzikaza zilingane ni kazi ya subira. Ravi na wenzake walipomaliza kuzikaza, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Akawashukuru, kisha akawatania: ikiwa wamefurahia kukazwa kwa nyuzi, basi anatumaini muziki wenyewe utawapendeza zaidi.