Je, Mwenye Huzuni Acheze?

Swali hili si la kitoto, ingawa wazazi wengi wa Kolwezi hulijibu upesi mno. Kijana aliyezoea kushuka shimoni kutafuta kobalti anaacha kwenda. Analala mchana kutwa ameuelekea ukuta, chakula hakitamani, na rafiki zake hawaulizii tena. Wengine husema ni mvivu, wengine husema amerogwa. Waganga wa hospitali husema huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, nao ni ugonjwa kweli kama malaria ilivyo ugonjwa.

Katika nchi za ng'ambo wapo watafiti wanaojaribu kuwasaidia vijana wa namna hiyo kwa mchezo. Mgonjwa huvaa chombo kinachomfunika macho yote mawili. Humo huona ulimwengu uliochorwa na kompyuta, naye hurusha ngumi, huinama na kuruka mpaka jasho limtoke. Kwamba mazoezi ya mwili hupunguza huzuni hiyo, waganga wamekwisha kulipima mara nyingi. Majaribio ya chombo chenyewe bado ni machanga. Lakini mtu atauliza: je, furaha iletwayo na kivuli ni furaha ya haki? Na mwenye sababu ya kulia, achezeshwe ili asahau?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alizitafuta dawa za huzuni akataja hizi: jambo lipendezalo, machozi, huruma ya rafiki, kuitafakari kweli, na mwisho usingizi na kuoga. Mwanafunzi wa seminari akifika hapo hucheka: mwalimu mkubwa wa Kanisa anaagiza maji ya kuoga! Lakini Thoma hakufanya mzaha. Alijua kwamba mtu si roho iliyotiwa katika gunia la nyama. Mwili ukiburudika, moyo nao hupata kupumua. Tena asimulia jinsi Mtakatifu Yohane alivyolaumiwa kwa kucheza na wanafunzi wake. Yohane akamwuliza mpiga mishale kama aweza kupiga bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika.

Kwa hiyo mchezo ni halali, na hata ule wa kivuli siuhukumu, maana jasho lake si kivuli. Ila rafiki hayumo ndani yake. Tena chombo kile hutumia betri, na betri za namna hiyo mara nyingi hutiwa kobalti. Mwaka 2023 zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia ilichimbwa Kongo. Huenda basi kijana wa mbali anachangamshwa kwa jiwe alilolibeba mgongoni kijana wa Kasulo. Simwonei kijicho, huzuni yake ni huzuni. Nauliza tu huyu wa Kasulo atachangamshwa na nani.

Huku kwetu dawa hii haikungoja mashine. Mwaka 1939 mapadri Wabenediktini wa shule ya Mtakatifu Bonifasi, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, waliwaundia wanafunzi timu ya mpira, wakaiita Mtakatifu Georgi. Ndiyo TP Mazembe, iliyocheza fainali ya klabu za dunia mwaka 2010. (Washabiki wa Lupopo wanisamehe, jina la Mtakatifu Eloi wanalo hata leo.)

Hata hivyo mpira haumrudishi rafiki aliyefunikwa na udongo, wala haumrudishii baba kazi aliyoiacha Gécamines mwaka 2003, maelfu walipoondolewa. Aliyefiwa alie kwanza, kwa kuwa machozi nayo ni dawa. Na anayetumia mchezo kumnyamazisha mchimbaji asidai malipo ya haki, huyo hatibu mtu.

Tena mgonjwa wa huzuni haendi kiwanjani kwa kuamriwa. Miguu yake ni mizito kuliko gunia la mawe. Lazima mtu aende mlangoni kwake, akae naye, asipojibiwa arudi kesho, watembee kidogo mpaka barabarani. Na kijana akisema amechoka kuishi, asipelekwe kiwanjani. Apelekwe hospitali siku ileile, wala asiachwe peke yake njiani.