Je, Ni Halali Kuligusa Ili Tulijue?

Jembe likigonga kombora la kale shambani, watu huuliza: ni la nani? Huenda ni la mizinga kumi ya manowari Königsberg, iliyotolewa Rufiji mwaka 1915 ikakokotwa hata bara. Makombora yake yalikuwa na upana wa sentimeta 10.5. Pete ya shaba kiunoni mwake yasema mengi: ikiwa imechorwa na mikato ya mtutu, basi lilipigwa lisipasuke, nalo ndilo la kuogopwa zaidi.

Lakini kutu imeifunika pete. Je, tuna haki ya kuisugua? Mtu aweza kusema, “Roho ni yangu” (nasi hata hilo twalikataa). Bali watoto waliosimama nyuma yake hawakuulizwa. Na atie alama kwa mbali, aite askari. Wenye kazi hiyo watalipima, watuambie jina lake.